Chuma Kilichoanguka Mukuku na Vile Ambavyo Bado Viko Juu

Swali: Mtaalamu, hujambo? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Donholm, Nairobi. Mama yangu anaishi Mbooni, Makueni, upande ule wa kijiji cha Mukuku kulikoanguka pete ya chuma Desemba 2024. Tangu siku hiyo, akisikia mngurumo wowote hutoka nje akatazama juu. Wanafunzi wangu nao hawanipi nafasi: takataka hizo za angani ni nyingi kiasi gani, na mbona waliozitupa hawaendi kuzizoa? Langu mimi ni moja: kingine kikianguka juu ya paa la mama, nani atalipa?

Jibu: Sijambo, mwalimu. Mpelekee mama salamu zangu, na nitaanza naye kwa sababu hofu yake ina msingi. Tarehe 30 Desemba 2024, mwendo wa saa tisa alasiri, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilitua Mukuku. Haikumjeruhi mtu. Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, lilifika, likaichukua, na kueleza kwamba kwa uchunguzi wa awali ilikuwa pete ya kutenganishia roketi, yaani ule mkanda unaoshikilia sehemu mbili za roketi mpaka wakati wa kuachana ufike. Pete kama hizo hutengenezwa kwa kutarajiwa ziungue zinaporudi hewani au ziishie baharini. Hii haikufanya lolote kati ya hayo. Basi mtu aliyekuwa shambani akasikia kishindo chake asiambiwe kwamba anaogopa bure.

Ila mwambie na haya. Sehemu kubwa ya dunia ni bahari, na sehemu kubwa ya nchi kavu haikai mtu. Siku hizi setilaiti nzima au sehemu za roketi hurudi hewani karibu kila siku, nyingi zikateketea kabla hazijafika chini, na tangu binadamu aanze kurusha vyombo mwaka 1957 hajajulikana mtu aliyeuawa na kipande kilichoanguka kutoka kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia. Mwaka 1997 kipande chepesi kilimgusa begani mwanamke mmoja wa Tulsa, Marekani, akaenda zake salama. Machi 2024 kipande cha gramu 700 kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga kilitoboa paa la nyumba Naples, Florida. Mei 2020 vyuma virefu viliangukia kijiji kimoja Ivory Coast baada ya roketi kubwa ya China kurudi bila kuongozwa. Matukio haya yapo na yanaongezeka. Hata hivyo, mama akipanda bodaboda mara moja kwenda sokoni anakutana na hatari kubwa kuliko ya kukaa chini ya mbingu mwaka mzima.

Kinachoninyima usingizi mimi, mwalimu, ni vile visivyoanguka.

Waambie watoto hesabu hii. Shirika la Anga la Ulaya, ESA, linakadiria kwamba vipande vinavyozidi sentimita 1 ni kama milioni 1.2, na vinavyozidi sentimita 10 ni zaidi ya 50,000. Kwa ripoti yake ya mwaka 2025, vilivyofuatiliwa kwa rada na darubini vilikuwa kama 40,000, na kati ya hivyo setilaiti zilizokuwa zikifanya kazi ni kama 11,000 tu. Vilivyobaki ni setilaiti zilizokufa, sehemu za roketi zilizomaliza kazi, na vipande vya vitu vilivyolipuka au kugongana.

Tena vyote vinakimbia. Katika kimo cha kilomita mia kadhaa, kitu kisichokwenda kilomita 7.5 hivi kwa sekunde hakiwezi kubaki juu. Madaraka Express huondoka Syokimau ikafika Mombasa baada ya saa tano au sita. Kipande cha angani kingemaliza safari hiyo kwa dakika moja. Vipande viwili vinavyotoka pande tofauti hukutana kwa kasi ya kilomita 10 kwa sekunde, na huko ndiko kwenye balaa. Chukua kipande cha alumini cha gramu moja na nusu, kisichozidi ncha ya kidole chako cha mwisho. Kwa kasi hiyo kinabeba nishati ileile ya Probox inayokwenda kilomita 40 kwa saa. Sasa fikiria Probox hiyo yote imeingia mahali padogo kama ncha ya kidole.

Mwaka 1983 chombo cha wanaanga wa Marekani, Challenger, kilirudi na shimo kwenye kioo cha dirisha, na kilichopiga kioo kilikuwa chembe ya rangi iliyobambuka. Novemba 2025 wanaanga watatu wa China waliahirisha safari ya kurudi nyumbani kwa kuwa dirisha la chombo chao, Shenzhou-20, lilikutwa na nyufa ndogo zilizodhaniwa kusababishwa na takataka, na ikabidi warudi kwa chombo kingine. Tukio linalotugusa zaidi sisi ni la Agosti 2016. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-1A ilipigwa kwenye bawa lake la sola na kitu cha milimita chache tu, kikaharibu eneo la sentimita 40. Bahati nzuri iliendelea kufanya kazi. Nasema inatugusa kwa sababu picha za setilaiti za jamii hiyo ndizo zinazotuonyesha mafuriko yamefika wapi na mahindi yamekauka wapi. Kituo cha ramani za rasilimali, RCMRD, kule Kasarani, ambacho nchi za kanda hii zilikianzisha mwaka 1975, hutegemea picha za angani kwa kazi za namna hiyo. Utabiri wa mvua anaousikia mama redioni nao unaanzia kwenye setilaiti. Chuma kikitoboa paa lake, mabati yanauzwa. Setilaiti ya mvua ikitobolewa, hasara inawafikia wakulima wote wa Ukambani ambao hawatasikia kishindo chochote.

Sasa, kwa nini havianguki? Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa ukishaelewa suala la kimo mengine yote yananyooka.

Hewa haikomi ghafla. Inazidi kuwa nyembamba kadiri unavyopanda. Hata kilomita 400 juu bado kuna chembe chache zinazokikwaruza chombo na kukipunguza kasi kidogo kidogo mpaka kinashuka. Tuna mifano yetu wenyewe. Setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2018, kimo cha kilomita 400 hivi. Ilirudi na kuteketea mwaka 2020. Kabla yake, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wetu, jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi lilirusha setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei za angani. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Ilizunguka kilomita 500 na kitu juu yetu, ikashuka mwaka 1979. Miaka miwili kwa ile ya chini, minane na ushee kwa ile iliyoizidi kimo kidogo. Ukifika kilomita 800 unahesabu karne na zaidi. Kilomita 1,000, miaka elfu. Vanguard 1 ya Marekani, tufe dogo la kilo moja na nusu lililorushwa Machi 1958, liliacha kutuma mawimbi mwaka 1964. Bado liko juu mpaka leo, nalo litawapita watoto wa watoto wa wanafunzi wako.

Kwa hiyo anga haichafuki sawasawa. Chini ya kilomita 500 inajisafisha yenyewe, na jua likichachamaa hewa ya juu hutanuka ikaharakisha usafi huo. Februari 2022 dhoruba ya jua iliziangusha setilaiti karibu 40 za Starlink zilizokuwa ndiyo kwanza zimerushwa. Ubaya umejaa kati ya kilomita 750 na 1,000, ambako uchafu wa miaka ya sabini na themanini bado unazunguka. Wahenga walisema mavi ya kale hayaachi kunuka.

Mwaka 1978 Donald Kessler na Burton Cour-Palais wa NASA walionyesha kwa hesabu kwamba vitu vikizidi kiwango fulani, mgongano mmoja utazaa vipande, vipande vitazaa migongano mingine, na uchafu utaendelea kuongezeka hata kama hakuna roketi mpya inayorushwa. Wengi waliona ni jambo la mbali sana. Tarehe 11 Januari 2007 China ikailipua kwa kombora setilaiti yake kuukuu ya hali ya hewa, Fengyun-1C, kimo cha kilomita 865 hivi. Zaidi ya vipande 3,000 vikaorodheshwa. Tarehe 10 Februari 2009 setilaiti ya Urusi iliyokufa, Kosmos 2251, ikagongana na setilaiti ya mawasiliano ya Marekani, Iridium 33, iliyokuwa kazini, kilomita 790 juu ya Siberia, na zaidi ya vipande 2,000 vikazaliwa. Novemba 2021 Urusi nayo ikalipua setilaiti yake, na wanaanga wa Kituo cha Kimataifa, wakiwemo Warusi wenyewe, wakakimbilia kujisitiri ndani ya vyombo vyao vya kurudia. Marekani na India pia zimewahi kulipua zao. Hakuna tendo linalonikasirisha katika taaluma hii kama hilo. Ajali inaeleweka. Lakini kumwaga vipande makusudi mahali ambapo mataifa yote yanapita, ili kuonyesha kwamba unaweza, hakuna hoja ya usalama inayolihalalisha. Desemba 2022 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziache majaribio hayo, kura 155 zikiunga mkono. Azimio si sheria, lakini nalipokea kwa mikono miwili.

Wanafunzi wanauliza mbona hawaendi kuzizoa. Swali zuri, na watu wazima wenye vyeo nimewasikia wakiliuliza pia. Jaa la Dandora, pamoja na maovu yake, takataka zake zimetulia. Anayezoa anafika na mkokoteni, anachagua, anapakia. Angani kila kipande kina njia yake, kimo chake na mwelekeo wake, na vingi vinapinduka pinduka vikienda. Kukifikia kimoja lazima chombo chako kilingane nacho kasi na njia, na kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine hula mafuta vibaya mno. Hakuna ufagio unaoweza kuvipitia vyote. Vile vidogo vya sentimita moja hata kuviona hatuvioni.

Hapo kuna uzio mwingine ambao wengi hawaujui: sheria. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unasema kitu kilichorushwa kinabaki mali ya mwenyewe, hata kikifa, hata kikivunjika. Angani hakuna cha kuokota. Ukikishika chuma cha Urusi bila idhini ya Urusi umegusa mali ya watu. Tena chombo chenye mkono wa kukamata setilaiti mbovu kinaweza kukamata na nzima, ndiyo maana majeshi hukitazama kwa jicho la wasiwasi.

Pamoja na hayo yote, kazi imeanza, na mimi naamini inawezekana tukichagua vizuri cha kuzoa. Hesabu za NASA zilionyesha kwamba kuondoa vitu vikubwa kama vitano kwa mwaka, huku warushaji wapya wakishika kanuni, kungetosha kuizuia hali isizidi kuharibika. Vikubwa ndivyo ghala la vipande vya kesho. Mfano ni zile sehemu za roketi za Zenit zilizoachwa tangu enzi za Kisovieti kwenye kimo cha kilomita 840 hivi, kila moja na tani zake zaidi ya nane, au setilaiti ya Ulaya Envisat, tani nane, iliyonyamaza Aprili 2012. Mwaka 2024 chombo cha kampuni ya Kijapani ya Astroscale kiliisogelea sehemu ya roketi ya H-IIA iliyoachwa angani tangu 2009, kikafika mita 15 kutoka kwayo, kikaipiga picha pande zote. Hakikuishika, kazi ya kuishika inafuata. Wasioijua kazi hii wanaweza kuona ni hatua ndogo. Kwangu mimi, kusogea mita 15 karibu na chuma cha tani tatu kisichojibu chochote ni ufundi wa hali ya juu.

Usafi wa bei nafuu zaidi lakini ni kutochafua. Chombo kikimaliza kazi kimwage mafuta yaliyobaki na kuzima betri ili kisilipuke baadaye, maana milipuko ya namna hiyo imeleta vipande vingi sana. Kisha kishuke kikiwa bado kina nguvu za kushuka. Kwa miaka mingi mwongozo uliruhusu kukaa miaka 25 baada ya kazi. Muda huo ni mrefu mno. Mwaka 2022 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliupunguza hadi miaka 5, na Oktoba 2023 ikaitoza kampuni ya DISH faini ya dola 150,000 kwa kuiacha setilaiti yake chini sana ya kimo cha makaburi ilichokiahidi. Makaburi hayo yako kilomita 300 hivi juu ya obiti ya setilaiti za televisheni na hali ya hewa, ile ya kilomita 36,000, ambako hakuna hewa ya kushusha kitu. Faini yenyewe ni ndogo kwa kampuni kubwa, ila ilikuwa ya kwanza, na wanasheria wa makampuni mengine waliisoma.

Hata kuteketeza nako kuna gharama. Watafiti wa Marekani waliopima chembe za hewa ya juu kwa ndege walitangaza mwaka 2023 kwamba takriban asilimia 10 ya chembe kubwa za asidi ya salfuri kule juu zina alumini na metali nyingine zilizotoka kwenye setilaiti na roketi. Ozoni iko kwenye tabaka hilohilo. Kwa wingi wa setilaiti zinazorushwa sasa, maelfu ya Starlink zinazotuletea intaneti zikiwemo, jambo hili linahitaji kuchunguzwa mapema.

Na Kenya? Usikubali mtu akwambie hili ni suala la wakubwa. Desemba 1976 tulikuwa miongoni mwa nchi nane za ikweta zilizotia sahihi Azimio la Bogotá, pamoja na Uganda, Congo na Zaire, tukidai obiti iliyo juu ya ikweta ni rasilimali yetu. Dunia haikulikubali dai hilo, na kisheria lilikuwa dhaifu, lakini lilijua jambo moja: mahali kule juu ni mali inayoweza kuisha. Aprili 2023 tulirusha Taifa-1, setilaiti yetu ya kwanza ya kuchunguza ardhi, kwenye kimo kisichozidi sana kilomita 500, ambako setilaiti hushuka yenyewe. Kimo hicho ni chema. Ningependa kiandikwe katika sheria yetu, pamoja na ile miaka mitano, sasa hivi tukiwa na setilaiti za kuhesabika, kabla hatujawa na makampuni ya kubembeleza.

Nije kwenye paa la mama. Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972, ambao Kenya ni mwanachama wake, unasema nchi iliyorusha inalipa madhara yote yaliyotokea ardhini, bila mlalamikaji kuhitajika kuthibitisha uzembe. Angani ni tofauti, huko kosa lazima lithibitishwe. Lakini kwa mkataba huo mama hawezi kwenda kudai mwenyewe; serikali ya Kenya ndiyo inayodai kwa niaba yake kupitia ubalozi, na inatakiwa ifanye hivyo ndani ya mwaka mmoja tangu madhara yatokee au mwenye chombo atambuliwe. Kutambua ndiyo kazi. Wataalamu hulinganisha namba zilizochongwa kwenye chuma, aina ya metali, na saa ya kuanguka dhidi ya orodha ya vitu vilivyokuwa vikishuka siku hiyo. Mwaka 1978 setilaiti ya Kisovieti Kosmos 954, yenye tanuri la nyuklia, ilitawanyika kaskazini mwa Canada. Canada ilidai dola za Canada zipatazo milioni 6, na mwaka 1981 ikalipwa milioni 3. Hiyo ilikuwa nchi yenye wanasheria na vipimo, na ilipata nusu baada ya miaka mitatu. Kwa hiyo ushahidi wa saa ya kwanza una thamani kubwa.

Ndiyo maana nakuomba umfundishe mama na majirani hivi. Chuma kigeni kikianguka, wasikiguse na watoto wasikisogelee. Matangi ya roketi huweza kubaki na hidrazini, mafuta yenye sumu kali yanayonuka kama amonia, na wakisikia harufu hiyo waondoke upande upepo unakotoka. Waandike saa kamili na upande kilikotokea. Wapige picha kwa mbali, za kitu chenyewe na za kila kilichoharibika, paa, mifugo, mimea. Wamwite chifu na polisi, nao waiarifu KSA. Na akija mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake kabla ya serikali kufika, wamrudishe, hata akitoa bei nzuri. Namba iliyochongwa kwenye chuma hicho huenda ndiyo pekee itakayoonyesha ni nchi gani inapaswa kumlipa mama.